Safari ya Kando ya Ziwa: Daftari la Mume na Mke wa Buswelu

Neno "pwani" limezaliwa na bahari. Asili yake ni kitenzi "-pwa", yaani maji kupungua na kurudi nyuma, pamoja na kiambishi cha mahali "-ni". Kwa hiyo pwani ni pale maji yapwapo. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Maji yake hupanda kwa misimu ya mvua, kama yalivyopanda mwaka 2020 na tena 2024 hata yakaingia katika nyumba za watu, lakini hayapwi asubuhi yakajaa jioni. Mkazi wa Mwanza asemaye "pwani ya Ziwa" ametumia neno la kuazima, ambalo linamfaa bila kumwenea. Wavuvi wa huko wanalo neno lao, "mwalo", ambalo wingi wake ni "mialo" na ambalo lina ndugu katika lugha za Ziwa, Kiganda kikiwa mojawapo. Mwalo ni mahali mtumbwi utiapo nanga, samaki wapimwapo na habari zisimuliwapo.

Ipo tofauti, basi, kati ya neno linalofaa na neno linaloenea. Tofauti hiyo ndiyo iliyosafiri pamoja na mume na mke mmoja wa Buswelu, mwezi Julai 2024, katika gari bovu lenye kitanda ndani yake.

Buswelu ni sehemu ya Manispaa ya Ilemela, na ndipo yalipo makao ya manispaa hiyo. Watumishi wengi wa serikali na wastaafu wamejenga huko, katikati ya miamba ambayo haikubali kuondolewa na hivyo hubaki uani ikianikiwa nguo. Mume alikuwa mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Magu, Msukuma. Mke alikuwa muuguzi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, Mkerewe. Walikutana katika kituo chao cha kwanza cha kazi, mbali na kwao wote wawili, wakahamishwa mara nne, wakalea watoto watatu, kisha wakastaafu. Malipo ya uzeeni yaliezeka nyumba. Kiasi kilichobaki kilinunua Hiace iliyokwisha kuzeeka, mojawapo ya zile ambazo Watanzania waliziita vipanya, kwa nia ya kuifanya gari la abiria. Biashara haikudumu mwaka mmoja. Gari likabaki chini ya mwembe, na mstari wake wa rangi bado ubavuni.

Wazo la kuligeuza nyumba lilikuwa la mke. Viti vya nyuma viling'olewa; seremala wa jirani akatengeneza kitanda cha mbao chenye nafasi ya kuwekea masanduku chini yake; kikaongezwa chandarua, mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya maji na beseni. Kwa hesabu ya mume, safari ya kwenda na kurudi isingezidi shilingi 400,000, nusu yake ikiwa ya mafuta. Alinunua daftari la kurasa 96, akalipiga mistari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Matumizi. Aliamua kutumia kurasa za kushoto tu, ili za kulia zibaki kwa marekebisho.

Msomaji anayeijua Mwanza atauliza kwa nini hawakupanda meli, ambayo huenda Nansio moja kwa moja. Sababu zilikuwa mbili. Mke hakupanda meli tangu Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, ambao wengi wao wamezikwa Igoma, si mbali na Buswelu. Wapo watu wengi mjini humo waliofanya uamuzi kama wake bila kumtangazia mtu. Maafa ya MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, ambamo zaidi ya watu 220 walikufa, yaliufanya uamuzi huo kuwa sheria. Njia ya nchi kavu, kupitia Magu, Lamadi na Bunda hadi Kisorya, ilibakiza mkono mwembamba wa maji wa kuvuka kwa kivuko. Alisema kuwa hapo atafumba macho.

Sababu ya pili ilikuwa ya heshima. Waliyekuwa wakimwendea ni mama mdogo wa mke, bibi wa miaka mingi, mtu pekee aliyebaki katika kizazi kile. Kwa mume huyo ni mama mkwe, na kwa desturi za watu wengi wa Kanda ya Ziwa, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Nyumba ya wageni ingelipiwa kila usiku, nao hawakujua watakaa siku ngapi. Gari lenye kitanda, likiegeshwa nje ya ua, lilimaliza mgogoro ule: mkwe angekuwa karibu kwa kusalimia na mbali kwa kulala.

Hata hivyo, haja yenyewe ya safari haikuwa imetamkwa waziwazi. Miezi michache kabla, mke alimpigia simu mama yake mdogo. Bibi alisema jambo refu kwa Kikerewe, na mke akalielewa lote. Alipotaka kujibu, maneno hayakuja. Yalikuja ya Kiswahili, ambayo bibi huyasikia kwa shida, na ikabidi simu apewe mjukuu wa nyumbani ili atafsiri. Muuguzi aliyekuwa amezungumza na wagonjwa wa nchi nzima kwa miaka zaidi ya thelathini alitafsiriwa mbele ya mama yake. Jioni ile hakula.

Katika ndoa ya watu hawa hapakuwa na siku ambayo lugha ilipigwa marufuku. Mume hakumkataza mke Kikerewe, wala mke hakumkataza mume Kisukuma. Walipoanza kuishi pamoja kila mmoja alikuwa na lugha asiyoijua mwenzake, na wote wawili walikuwa na Kiswahili, lugha ya elimu ya msingi tangu 1967, lugha ya ofisi, ya wodi na ya darasa. Kujifunza lugha ya mwenzi kungedai muda, na kulea watoto kwa lugha tatu kungedai subira, nao walikuwa watu wa mishahara midogo na zamu ndefu. Kiswahili kilikuwa tayari. Walibana matumizi ya lugha kama walivyobana matumizi ya sukari, na kwa miaka mingi hapana aliyeona kuwa kuna kilichopungua.

Waliondoka siku ya Sabasaba, Jumapili, ambayo tangu Unesco ilipotoa tamko lake mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Hawakuikusudia sadfa hiyo. Walipita Nyamhongolo, wakapita Kisesa, ambako njia ya Bujora huelekea kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakafika Magu kabla jua halijapanda sana. Hapo gari lilihitaji mkanda wa feni. Fundi alizungumza Kisukuma, muuza vipuri alizungumza Kisukuma, na mume, ambaye nyumbani kwake hana wa kusema naye lugha hiyo, alijibu, akatania, akapunguziwa bei. Katika daftari aliandika: mkanda, 15,000, badala ya 20,000.

Mke aliitazama ile hesabu, akasema, "Baba, wewe lugha yako imekusubiri barabarani. Ukisimama penye gereji unaikuta."

Mume alidhani anasifiwa. Ilimchukua kilomita kadhaa kuelewa. Kisukuma kina wasemaji mamilioni. Ndicho kikubwa kuliko lugha zote za jamii za Tanzania baada ya kuondoa Kiswahili. Anayekiacha sebuleni hukikuta sokoni. Uamuzi walioufanya pamoja, kwa masharti yaliyoonekana kuwa sawa, haukuwagharimu sawa. Ya mume ilikuwa akiba. Ya mke ilikuwa hasara.

Baada ya Magu kulitokea jambo la kuchekesha. Kwa kuwa mstari wa rangi ulikuwa bado ubavuni, abiria waliokuwa kando ya barabara walilipungia gari mkono. Mahali pamoja mama mwenye kapu aliufungua mlango mwenyewe, akakiona kitanda kimetandikwa shuka, akarudi nyuma akiomba radhi kana kwamba ameingia chumbani kwa watu. Kwa hakika alikuwa ameingia chumbani kwa watu.

Usiku wa kwanza waliegesha karibu na mwalo mmoja upande wa Lamadi, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mahali hapo. Mwezi ulikuwa umeandama siku hiyohiyo ama jana yake, na giza lilikuwa zito, jambo ambalo wavuvi wa dagaa hulitaka, kwa sababu dagaa huvutwa na taa pale tu mbalamwezi isiposhindana nazo. Ziwa lilijaa taa kama mji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri. Mume, kwa mazoea ya ualimu, alimweleza mke habari za furu: jinsi Ziwa lilivyokuwa na mamia ya aina zao, jinsi sangara alivyopandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na jinsi alivyoongezeka katika miaka ya 1980 hata aina nyingi za furu zikatoweka. Kisha akasema kuwa labda Kiswahili nacho ni sangara.

Mfano huo umekwisha kusikika katika mijadala mingi ya lugha, nao unavutia. Mke aliukataa papo hapo. Sangara, alisema, humla furu bila kumwuliza. Kikerewe hakikuliwa na mtu. "Tulikiacha wenyewe, mama watoto na baba watoto, kwa kuwa tulikuwa tumechoka."

Jibu hilo linastahili kufikiriwa na wanaotafiti kufa kwa lugha. Kiswahili kiliwaunganisha watu hawa. Pasipo hicho pengine ndoa isingekuwapo. Kukilaumu ni kulaumu daraja kwa kuwa watu waliovuka hawakurudi. Lakini wataalamu wa Kiswahili nao hawawezi kuhesabu mafanikio ya lugha hiyo katika kurasa za kushoto peke yake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza 2001 na kuchapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kuwa nchi ina lugha zaidi ya 150. Atlasi huonyesha lugha inasemwa wapi na watu wangapi. Haiwezi kuonyesha chumba ambamo watu wawili, kila mmoja akiwa na lugha yake kamili, huamua kwa upole kutozitumia.

Siku ya pili walipita karibu na lango la Ndabaka, ambapo hifadhi ya Serengeti hukaribia Ziwa, wakafika Bunda, wakaacha njia ya Musoma na kushika ya Kisorya. Vumbi na ubovu wa gari viliwachelewesha, wakakosa kivuko cha mwisho, wakalala foleni. Mume alitoa kitabu alichokichukua kwa ajili ya safari: riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, akasoma kwa sauti kwa mwanga wa tochi. Habari yenyewe iliwafaa. Myombekere ananyang'anywa mke na wakwe kwa kuwa hawajapata mtoto, naye hufunga safari ya ukweni kumrudisha, hujadiliana, hutozwa pombe ya ndizi, hutafuta namna ya kuilipa. Ni riwaya ya mume na mke, safari na gharama.

Historia ya kitabu hicho ni fundisho peke yake. Kitereza, aliyezaliwa 1896, alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, akikusudia kuhifadhi lugha na desturi za watu wake. Mchapishaji wa muswada wa Kikerewe hakupatikana. Mwandishi mwenyewe akautafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, alifariki 1981. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwenyeji wa Ukerewe pia, aliyeufuata muswada wa Kikerewe. Kazi kubwa kuliko zote za lugha hiyo imejulikana ulimwenguni kwa lugha nyingine. Mke alisikiliza kurasa kadhaa, kisha akasema kuwa chini ya Kiswahili hicho anasikia mtu mwingine anazungumza. Walizima tochi.

Asubuhi walivuka hadi Rugezi. Mke hakufumba macho.

Kwa bibi walipokelewa kwa vigelegele. Gari likaegeshwa nje ya ua, chini ya mti, na watoto wakaja kukitazama kitanda kwa zamu. Mke aliingia, akapiga magoti, akasalimu. Salamu aliijua. Baada ya salamu bibi aliuliza habari, na hapo ikawa kama katika simu: maswali yaliingia yote, majibu yakatoka kwa Kiswahili. Bibi alimsikiliza kwa muda, kisha akamwambia mjukuu amtafsirie maneno haya: masikio ya mwanangu yamerudi nyumbani, kinywa kimebaki kwa watu.

Kikerewe ni lugha yenye toni, na urefu wa irabu ndani yake hubadili maana. Tena, kama ndugu zake Kihaya na Kizinza, nomino zake huwa na irabu ya mwanzo mbele ya kiambishi cha ngeli: watu ni Abakerebe, lugha ni Ekikerebe, mtu ni "omuntu". Katika siku za kwanza, kila mke alipopata nomino aliitoa kwa umbo la Kiswahili, bila irabu ile: "muntu". Bibi hakumkemea. Alilirudia neno pamoja na irabu yake, polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto shati, kisha akaendelea na mazungumzo. Mke alichukua daftari la mume, akafungua kurasa za kulia, akaanza kuandika.

Siku ya tano mume alipiga hesabu. Zilibaki shilingi 96,000, na mafuta ya kurudia yalihitaji takriban zote. Chakula walipewa, lakini mgeni hapewi tu. Sukari, chumvi, sabuni na kitenge vilikwisha kula sehemu ambayo haikuandikwa katika bajeti. Alimwita mke garini, akamwonyesha ukurasa.

"Mama watoto, kesho inatubidi tuondoke. Hesabu imekwisha."

"Hesabu yako ina mafuta, baba, ina kivuko, ina mkanda wa feni. Mama mdogo hayumo."

"Nitamwandika wapi?"

"Ndiyo maana nasema hayumo."

Hawakugombana. Walikaa kwenye ukingo wa kitanda, mlango ukiwa wazi, wakitazama ua ambamo bibi alikuwa akichambua mboga. Mume alijua kuwa, kwa umri ule, kusema "tutarudi mwakani" ni kusema jambo ambalo hakuna anayelimiliki. Alijua pia kuwa katika miaka yote ya ndoa mke wake hakuwahi kudai chochote kilichokuwa nje ya bajeti. Alitoka, akasimama mahali penye mtandao mzuri, akampigia binti yao mkubwa kuomba shilingi 100,000.

Binti alituma fedha saa hiyohiyo, kisha akauliza kwa wasiwasi kama kuna mgonjwa. Mume akasema hakuna. Basi mnafanya nini huko siku zote hizo? Mama yako anaongea na bibi. Kwa lugha gani? Mume akajibu kuwa kwa Kikerewe. Upande wa pili palikuwa na ukimya, kisha binti akasema, bila lawama, kuwa hakujua kama mama anakijua.

Walikaa siku sita zaidi. Wakati wa kuondoka mke alikuwa akijibu sentensi tatu au nne mfululizo kabla ya kuteleza kurudi kwenye Kiswahili, na bibi alikuwa amezoea kungoja. Mume, ambaye hakuwa na haja ya kujifunza, alikuwa amejifunza salamu zote za mkwe na majina ya samaki, na akichekwa kwa toni zake za Kisukuma.

Daftari lipo Buswelu, juu ya friji. Kurasa za kushoto zinaonyesha jumla ya shilingi 512,000, yaani 112,000 zaidi ya makadirio, na chini yake mume ameandika, kwa uaminifu wa mwalimu, kuwa makadirio yalikuwa na kasoro. Kurasa za kulia zina maneno 214. Katika yale ya mwanzo irabu imeongezwa baadaye, kwa wino wa rangi nyingine, imebanwa pembeni mwa mstari kwa kuwa nafasi yake haikuachwa. Katika yale ya mwisho irabu imekaa mahali pake tangu mwanzo.

Hakuna atakayedai kuwa maneno 214 yameiokoa lugha. Watoto watatu wa nyumba hiyo hawakijui Kikerewe, na wajukuu hawatakijua kwa daftari. Lakini Jumapili jioni simu ya Nansio hupigwa, na mke huzungumza. Akikwama hutumia Kiswahili, na bibi humrudishia neno likiwa limevikwa irabu yake. Mjukuu wa nyumbani hapewi simu tena.